Chale za Maduhu

Mume wangu Fikirini alijifunza ngumi alipokuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, kisha akaja kuwa mpishi hapa kwenye mgodi wa dhahabu, Geita. Mimi nilikuwa nauza uji langoni. Siku moja akaniletea nyumbani Maduhu, kijana wa Kisukuma kutoka Mhunze, ametoka kifungoni kwa kumvunja mtu taya kilabuni. Nikamwambia, "Baba Tabu, jela imejaa mpaka waniletee mimi?" Akacheka tu.

Kumbe mwenzangu alikuwa ameona kitu. Mikono ya yule kijana ilikuwa myepesi, ila hasira zilimzidi. Maduhu akaandikwa kazi ya kuchimba mgodini, na kila jioni akitoka shimoni, kikohozi kimembana, Fikirini alimfundisha nyuma ya jiko: usipige kwa hasira, ficha uso, ngoja. Bwana mkubwa wa mgodi alikuwa ameahidi kwamba atakayeshinda ngumi za Krismasi atatolewa shimoni awe askari wa lango. Maduhu hakutaka kingine duniani. "Mama Tabu," aliniambia, "kule chini nitafia."

Asubuhi ya pambano akafika mama yake, Nyamizi, ametembea kutoka Mhunze mpaka miguu imevimba, na mganga nyuma yake. Mganga akamchanja kijana chale mikononi, kifuani na juu ya nyusi, akapaka dawa nyeusi, ili adui akimtazama alegee. Fikirini alipoziona zile za nyusi akashika kichwa.

"Nani alikuambia ukubali?"

"Ni mayu wangu, mwalimu," Maduhu akajibu polepole. "Mama katembea kote huko. Ningemwambiaje?"

Ngumi ya kwanza kumgusa, chale zikafumuka. Damu ikamjaa machoni, akawa anapiga hewa, na mwamuzi akasimamisha. Lango akapewa mtu ambaye, nawaapia, Maduhu angemlaza mapema. Nililia mbele za watu bila haya.

Nyamizi akamfuta uso kwa kaniki yake. "Dawa imeshindwa?"

"Hapana, mayu. Bila dawa angeniua."

Mama wa watu akarudi kwao ametulia. Fikirini alimwita kijana mazoezini tena na tena, hakuja. Alirudi shimoni, na akitoka shimoni ni kilabuni.

Masika yalipoanza, mwamba ukamwangukia. Nyamizi akaja tena kwa miguu, safari hii kuzika. Alikaa kwenye jamvi langu, hakulia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama zile chale zilikuwa chache mno.