Afande wa Bondeni

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sikukaa kwenye kazi moja muda mrefu. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi nilikuwa Kyebando, kitongoji cha mji mkuu, nimepanga chumba nyuma ya duka la mama mmoja Mwislamu, mjane, ambaye Kiswahili chake kilinyooka kwa sababu babu zake walitoka pwani. Wakati huo nilifagia studio ya picha mjini, na mwenye studio alinipa kamera kuukuu na filamu zilizobaki.

Bondeni nyuma ya duka waliishi nguchiro. Wakati wa mvua walipanda kwenye vichuguu, kiangazi wakashuka kwenye mafunjo. Nilifunga kamera kwenye kigogo, nikapitisha uzi kwenye njia yao ili mnyama akiugusa ajipige picha mwenyewe. Mara nyingi nilipata kuku wa jirani. Kiongozi wao alikuwa akisimama wima kukagua njia huku wenzake wakimfuata kwa mstari, kwa hiyo nilimwita Afande. Mama naye akalizoea jina.

Asubuhi moja niliingia dukani nikasema, "Mama, Afande ananisumbua. Mvua imekatika, naye kabadili njia. Lakini leo nimemtega pale chini, haponyoki."

Watu wakageuka kunitazama. Kwenye foleni ya sabuni alikuwepo askari wa jeshi, jirani yetu, mtu wa kaskazini mwenye Kiswahili cha kambini.

"Wewe," akasema polepole, "nategea afande gani?"

"Mnyama, afande," nikajibu, nikaona nimeharibu zaidi.

Mama akaweka kisu cha sabuni chini. Watu walichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo, na mwenye nyumba hakuachwa. "Mwanangu," akamwambia askari, "nenda naye ukamwone. Kama si mnyama, rudi utuchukue sote wawili."

Tukashuka. Alipoiona kamera na uzi, uso ukazidi kukunjamana. Tukachuchumaa kwenye mafunjo, mimi nikiomba kimoyomoyo nguchiro wasirudie vichuguu siku hiyo. Akapita kuku, akauruka uzi.

"Afande ndiyo huyu?"

"Hapana. Huyo raia tu."

Hakucheka.

Hatimaye nyasi zikatikisika. Akatoka Afande mwenyewe, akasimama wima, mikono kifuani, akatutazama kama anayesubiri saluti. Nyuma yake kikosi kizima. Walipoanza kwenda uzi ukavutika, kamera ikalia ta.

Askari akaziba mdomo kwa kofia, mabega yakimtetemeka. "Kweli nafanana na mkubwa yetu," akasema, kisha akageuka haraka kuangalia kama kuna mwingine aliyesikia. Tulikuwa wawili tu. Akavaa kofia.

"Hiyo jina toa," akaninong'oneza. "Ita yeye koplo. Koplo hakuna mtu nauliza."

"Na wewe una cheo gani?"

"Koplo."

Mama alikuwa bado amesimama mlangoni, mtandio ameushika kwa mikono miwili. "Umemwona?"

"Nimeona, mama," askari akajibu. "Ni koplo tu."

Mama akaingia ndani, akamkatia kipande cha sabuni kikubwa kuliko alichoomba.