Sodiamu Ndani ya Beseni

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka akilini. Umeniambia, wewe unayesomea uhandisi, unaandika jinsi dunia ingekuwa kama mitambo ya nyambizi za nyuklia ingepozwa kwa sodiamu badala ya maji. Wazo hilo nililibeba kabla yako.

Nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia katika shule ya wasichana karibu na Othaya. Nilikuwa nimesoma kwamba wahandisi walijaribu nyambizi ya sodiamu, kisha wakarudi kwenye maji. Nikawaambia wanafunzi kwamba waliogopa tu. Wangevumilia, nikasema, leo tungekuwa na mitambo midogo ya nyuklia yenye nguvu, pengine hata umeme wa bei nafuu huku kwetu. Wasichana walinisikiliza bila kupepesa macho, nami nikajiona mkubwa.

Nikataka waione hiyo sodiamu, metali laini inayokatika kwa kisu. Mzee Mutisya, mtunza maabara aliyetoka Machakos, aliitoa kwenye mafuta inamohifadhiwa isiguse maji, akanikatia kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Nilikidharau. Nikakata changu, kikubwa kama kidole gumba. Akaniambia taratibu kwamba hicho kimezidi. Nikamjibu, mbele ya darasa zima, kwamba mwalimu ni mimi.

Nikakitia kwenye beseni la maji. Kilizunguka, kikawaka, kikalipuka. Mutisya alikuwa ameshajitupa mbele ya wasichana wa safu ya kwanza. Hakuna hata mmoja wao aliyeumia. Yeye alipoteza jicho la kushoto.

Nilienda kumwona hospitalini, nikakaa kando ya kitanda. Yeye ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Mwalimu, hao waliochagua maji hawakuwa waoga. Walijua kuna watu ndani, na bahari iko kila upande."

Huenda walikuwa na sababu nyingine pia, sijui. Lakini aliporudi kazini nilimwomba msamaha mbele ya darasa lile lile. Alinipa mkono. Jicho halikurudi.

Kwa hiyo andika, mwanangu, usiache. Ila kabla hujawahukumu waliochagua zamani, jiulize ni akina nani wangeumia kama hesabu yako ingekosea. Na mtu anayeishika kazi kila siku akikuonya, nyamaza umsikilize, hata kama digrii ni yako.

Mungu aibariki mikono yako, na awalinde wote watakaopanda chombo utakachojenga.