Udongo wa Makaburini

Mlima ulio nyuma ya kijiji chetu, Lubondja, zamani ulikuwa msitu wa miombo, ile miti ambayo majani yake machanga hutoka mekundu kabla ya mvua. Tuliumaliza sisi wenyewe kwa kuchoma makaa ya kuuza mjini Baraka. Asikudanganye mtu kwamba ni wageni. Ilibaki miti michache tu pale makaburini, kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda na shoka kwa wafu.

Sisi bamama tulipoanzisha kitalu cha miche ili kuurudisha msitu ule, niliingia kwa moyo wote. Mbegu ziliota vizuri, kisha miche ikadumaa na kugeuka njano. Nikawa nagombana na kila mtu: aliyemwagilia sana, aliyemwagilia kidogo, hata kuku.

Agronomu, mtaalamu wa kilimo, alipokuja kutoka Fizi, aling'oa mche mmoja akanionyesha mizizi mitupu. Alieleza kwamba mti wa muyombo hauishi peke yake. Chini ya miti mikongwe kuna nyuzi za uyoga, nyembamba kama unywele, zinazoishika mizizi na kuilisha.

"Mulete udongo ya chini ya miti ya zamani, muchanganye," alisema. "Lakini mustari moja muuache vile uko, tulinganishe."

Kwetu, mtu akionekana amebeba udongo wa makaburini, ameshakuwa mulozi, na jina la uchawi halitoki kwa sabuni. Tena chini ya muyombo mkubwa kuliko yote amelala mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Tangu tumzike, mama hakuwahi kulitaja jina lake.

Nilimweleza mama jioni tukimenya mihogo. Moyoni nilitaka akatae, niende kusema imeshindikana, nipumzike.

"Ile miche itakufa?" aliuliza.

"Yote, mama."

"Na batu batasema nini tukichimba?"

"Batasema tunaloga."

Alimaliza muhogo aliokuwa ameushika. "Basi mi ndiye nitaenda. Mi ndiye niko na muntu pale."

Jumapili, watu wakitoka kanisani, alishika njia ya makaburini mchana kweupe, beseni kichwani, jembe mkononi, akimsalimia kila aliyekutana naye. Nilimfuata kwa aibu, nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Alipofika kwa mdogo wangu alimwita "papa", kama mama wa kwetu amwitavyo mtoto wa kiume, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeazima chumvi kwa jirani: "Papa, nakuja kukuomba udongo kidogo. Ni ya miti."

Kaburi hakuligusa. Alikwangua pembeni, kwenye mizizi, kisha akaenda kwenye miti mingine. Bamama wawili waliokuwa wanatutazama kutoka njiani wakaja kumpokea jembe. Wengine walisema walichosema, na wengine hadi leo hawanunui mihogo yake. Kelele za chura hazimkatazi ng'ombe kunywa maji.

Mvua zilipoanza, mstari tuliouacha bila udongo ule ulikuwa bado njano. Mingine yote ilikuwa imechipua majani mekundu. Agronomu alipima huku na huku, akarudia kupima, akacheka peke yake. Nilifurahi mpaka nikakaribia kuwaomba kuku msamaha.

Siku hiyo mama naye alikuja. Alipita polepole kati ya mistari, ameinama, halafu akaniuliza: "Yenye iko na udongo ya kwake ni gani?"

Udongo wa muyombo wa mdogo wangu na wa miti mingine tuliumwaga kwenye turubai moja tukauchanganya kwa sepetu, na mimi ndiye niliyesimamia. Mama alikuwa ameuza jina lake jema kijijini kwa ajili ya beseni lile. Nilimwambia ukweli.

"Yote imechanganyika, mama. Sijui."

Alijaza maji kwenye bidoni, dumu la kumwagilia, akaanza na mche wa kwanza. Kila mche aliounywesha, aliuita kwa jina la mdogo wangu.