Kinanda Kimezidi

Albamu ilitoka Ijumaa, na kufika Jumamosi asubuhi watu walikuwa wameshaitukana mpaka mimi, niliyekuwa sijaisikiliza, nikaona aibu. Simu ilikuwa inatetemeka mezani bila kupumzika. Mwenzetu wa Muheza, muuza machungwa na karafuu, aliandika kwamba huu ni muziki wa kungojea zamu kwa daktari wa meno. Mwingine wa Tanga akasema mwimbaji sasa anaimba kama anasoma tangazo la msiba. Wa Arusha yeye aliweka uso unaolia tu, mara kumi, akaenda zake.

Sisi ni kundi la kwenye simu, mashabiki wa bendi moja ya Wazungu iliyovuma tukiwa watoto. Tuko wachache, tumetawanyika, wengine hatujawahi kuonana uso kwa uso. Mwenye kundi ni kaka yangu. Ndiye anayeingiza watu, ndiye anayewatoa, ndiye anayeamua leo tunajadili wimbo gani. Na ukibisha naye kuhusu bendi ile, utajuta kuzaliwa.

Tulianzaje? We acha tu. Baba alikuwa anatunza bustani ya Mzungu mmoja wa mambo ya misitu hapa Lushoto. Mzungu alipoondoka akamwachia baba redio kaseti na boksi la kaseti. Baba alitaka redio kwa ajili ya taarifa ya habari, kaseti hakuwa na haja nazo. Kaka akazichukua. Basi wenzetu wakawa na taarabu na dansi, sisi tukawa na vinanda vya umeme, ngoma za mashine, na kijana anayeimba kama amegombana na mama yake. Kaka aliniambia unaitwa muziki wa wimbi jipya. Kiingereza chenyewe tulikuwa hatukijui, tulikuwa tunashika sauti tu, tunaimba upuuzi mtupu huku tunapalilia karoti. Majirani walisema watoto wa yule mzee wamerukwa na akili.

Kilichotushika hasa ni kinanda. Chembamba, cha juu kabisa, kinapita juu ya vyombo vingine vyote. Kaka alikuwa akisema bendi nzima ni yule mpiga kinanda, wengine ni wabeba mizigo wake.

Sasa kaka ni mtu mzima, ana mvi, na ni dereva wa lori la mboga. Maisha yake yote ameyamaliza kwenye barabara ya kushuka Mombo. Na hapo ndipo penye jambo lenyewe, kwa sababu siku chache kabla ya albamu kutoka, wifi yangu, mke wa kaka, alikuja dukani ninaposhonea nguo, akakaa kwenye stuli ya wateja, akaanza kulia kabla hata hajanisalimia.

Lazima niieleze barabara ile kwa asiyeifahamu. Upande mmoja mwamba, upande mwingine shimo, na kona ambazo huoni unakokwenda. Kwa hiyo madereva wana utaratibu wao. Ukikaribia kona unapiga honi, kisha unanyamaza unasikiliza. Kama kuna mtu anakuja upande wa pili, naye anapiga, na anayeshuka anasimama pembeni ampishe anayepanda. Hakuna kibao kinachosema hivyo. Ni masikio tu.

"Wifi," akasema, "huyu mtu hasikii. Juzi pale juu ya Soni mwenzake amepiga honi mpaka amechoka, kaka yako anakwenda tu. Wamekwaruzana vioo. Yule dereva amekuja kuniambia mimi, yeye anamwogopa. Wifi, ataniachia watoto."

Nilijua. Wote tulijua. Televisheni nyumbani kwake inasikika hadi msikitini. Ukimwambia jambo anajibu jingine, ukirudia anakasirika, anasema watu wa siku hizi mnaongea kama mmeweka ugali mdomoni. Honi nazo, anasema, za siku hizi ni za plastiki. Hospitali hataki hata kutajiwa. Dereva akiandikiwa kwamba hasikii, leseni kwaheri, na kaka bila usukani sijui angekuwa nani. Hata yeye hajui, ndiyo maana amekuwa mbishi hivyo.

Basi Jumamosi ile nikaenda kwake. "Shikamoo kaka." "Marahaba, kaa, kaa, usilete salamu ndefu." Alikuwa ameshachomeka simu kwenye spika yake kubwa, kanzu ya Ijumaa bado mwilini, macho yanang'aa. Miaka yote hiyo tulikuwa tunangoja bendi itoe kitu kipya! Wifi alikuwa mlangoni anamenya karoti. Kaka akabonyeza.

Wimbo wa kwanza ulikwenda mpaka mwisho. Wa pili nao. Kaka akaanza kukunja uso. Katikati ya wa tatu akanyanyuka, akaipiga meza kofi.

"Wameondoa kinanda! Hawa watu wana wazimu? Kinanda kiko wapi?"

Kisu cha wifi kikasimama kwenye karoti. Akaniangalia, nikamwangalia. Jamani, kinanda kilikuwepo. Kilikuwa kinalia hapo juu tangu sekunde ya kwanza, chembamba kama mbu, hakikomi.

Kaka alikuwa ameshachukua simu anaandika: "Wameua kinanda. Bendi imekufa leo." Na kwa kuwa kila mtu siku ile alikuwa anatukana, wakamwitikia. Kweli mkuu. Umenena mkuu. Kaka alizisoma zile kauli kwa sauti, moja moja, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Sijapata kumwona mtu amefurahia albamu mbovu namna ile. Ndipo nikaelewa, na moyo ukaniuma vibaya. Kama albamu ni mbovu, basi masikio ni mazima. Alikuwa anawahitaji wale watu wote waichukie.

Halafu akaja mwalimu wa Gare. Huyu ni mwalimu mstaafu, mzee wetu sote, kila ujumbe wake una salamu na nukta. Akaandika: "Nawasalimu nyote. Kwa maoni yangu kasoro kubwa ya albamu hii ni kwamba kinanda kimezidi. Kimejaa mwanzo hadi mwisho. Hakipumui. Asanteni."

Kaka akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaandika: "Mwalimu, umesikiliza albamu gani?"

"Hiyo hiyo."

Na wa Muheza naye, hana hili wala lile, akadakia: "Hata mimi kinanda kimeniumiza kichwa."

Kidole cha kaka kikazunguka juu ya simu. Nikadhani anatafuta neno la kujibu, kumbe amemtoa mwalimu kwenye kundi! Mzee mzima! Mtu ambaye kaka akikutana naye sokoni anainama na kumpa shikamoo kwa mikono miwili! Heee, makubwa. Kundi zima likanywea, hata wa Muheza hakuandika tena.

"Kaka, umefanya nini?"

"Amelewa," akasema. Mwalimu wa watu ni swala tano, pombe haijui hata harufu. Kaka akazima spika, akaenda uani kuangalia lori ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Jumapili sikukaa wala sikusimama. Nilifungua duka nikafunga, nikafungua tena. Nilimshonea mteja gauni, mkono wa kushoto nikauweka kulia, nikafumua, nikauweka vilevile tena. Nilishika simu kumpigia kaka nikaiacha. Ungemwambiaje? Kwetu mdogo hamwambii mkubwa wake hana masikio. Anaweza kumletea chai, anaweza kumpitishia maneno kwa mjomba, basi. Nami hasira zikanipanda, wallahi, hasira na bendi nzima. Wangekaa kwao na uzee wao, nani aliwaambia watoe albamu? Alasiri wifi akanitumia ujumbe: "Kesho anashuka na kabichi."

Jumatatu baada ya adhuhuri nikamfuata kwenye maegesho ya malori. Nikamwambia nashuka Mombo kutafuta vitambaa. Alifurahi, maskini, akanifutia kiti kwa mkono. Tulipoanza safari akawa anaongea bila kumeza mate, bei ya mboga, mvua, matairi, mjomba wetu na kesi yake ya shamba. Zamani hakuwa msemaji hivyo. Siku hizi anaongea ili asilazimike kusikiliza.

Tulipita Soni salama. Kona ya kwanza akapiga honi, kimya, tukapita. Ya pili hivyo hivyo. Mimi nimeshika kishikio cha mlango, miguu inakanyaga breki ambayo upande wangu haipo. Ya tatu akapiga honi, na nikasikia jibu. Nene, ndefu, karibu kabisa. Kaka akabadilisha gia akaendelea na habari za mjomba.

"Kaka, simama!"

Anaongea.

"Kaka!"

Nikamrukia mkono, nikaung'ang'ania. Akakanyaga breki, kabichi zikagonga bodi nyuma yetu, na basi likatokea puani mwetu. Likapita taratibu limebana kwenye mwamba, karibu kiasi kwamba nilimwona mama mmoja dirishani ameacha kutafuna muhogo. Dereva wake alitoa kichwa, akatuporomoshea matusi. Kaka alikuwa anautazama mdomo wake.

Akasogeza lori hadi mahali penye upana, akazima. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya usukani.

"Alipiga honi?"

"Alipiga, kaka."

Akatikisa kichwa polepole. Nikangoja anigombeze kwa kumshika mkono. Badala yake akauliza, bila kunitazama, "Na kinanda?"

Nilitamani mno kusema hakuna. Ulimi ulikuwa tayari. "Kipo, kaka."

"Kwenye nyimbo zote?"

"Zote."

"Weka ule wa kwanza." Nikatoa simu, nikautafuta. "Kikiingia, inua mkono," akasema. "Kikitoka, ushushe. Nataka kuona."

Nikabonyeza, nikainua mkono palepale. Kaka akaukazia macho. Ubeti wa kwanza ukaisha, mkono uko juu. Kiitikio kikaja, mkono uko juu. Ubeti wa pili.

"Shusha basi," akasema.

"Hakijatoka."

Wimbo wenyewe ni mrefu, hauna kichwa wala miguu. Mkono ukaanza kufa ganzi, nikaushikilia kwa ule mwingine. Nilikuwa naomba kimoyomoyo yule mpiga kinanda aondoe vidole vyake hata kidogo tu, apumue, nipate kumshushia kaka yangu mkono. Hakuondoa. Machozi yalikuwa yananitoka nami siwezi kuyafuta. Kaka hakuniangalia usoni hata mara moja, aliutazama mkono mpaka nilipoushusha mwenyewe.

"Umekwisha?"

"Umekwisha."

"Mwalimu amesema kweli," akasema. "Kimezidi." Akacheka kidogo, kicheko kibaya, kikakatika katikati. Akachukua simu yake, akampigia dereva mwenzake aliyekuwa Lushoto.

"Njoo hapa chini ya Soni uishushe gari," akamwambia. "Mzigo ni kabichi, usichelewe. Hapana, gari ni nzima. Ni mimi. Mimi sisikii."

Alilisema kama mtu anayetaja pancha. Mwenzake alikuwa anajibu, nasikia sauti yake inakwaruza ndani ya simu. Kaka akaikandamiza simu kwenye sikio la kulia, akaihamishia la kushoto, akairudisha la kulia. Siku zote hapo angesema sawa sawa, akakata. Mara hii akaiondoa sikioni, akanikabidhi.

"Anasemaje?" akaniuliza.

Nikasikiliza. "Anasema anakuja, kaka," nikamwambia, kwa sauti kubwa.