Utepe wa Kijani Hauna Mwenyewe

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, Bartholomew Kisilu ameshajikalia juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya miche yake ya avokado, nyumbani kwake Kathiani. Kisu chake kinapasua shina la mche wa kienyeji. Anachomeka kijiti cha avokado aina ya Hass kilichochongwa ncha, anazungusha utepe mwekundu mara nne, anakaza. Hatazami hata mikono yake.

Anachotazama ni simu. Ameilaza kifudifudi juu ya gunia, na kila ikitetemeka, kisu kinasimama.

"Zamani simu ikilia nilikuwa nafurahi, najua ni kazi imeingia," anasema. "Siku hizi ikilia naona ni deni imeingia."

Kisilu ana umri wa miaka 46. Siku za juma ni mtunza bustani wa shule ya upili, mshahara shilingi 18,000 kwa mwezi. Wikendi na likizo huzunguka vitaluni akiunganisha miche, kazi aliyofunzwa na Mzee Ndolo, jirani yake mwenye miaka 67. Wa tatu wao ni Muindi, kaka mdogo wa Mwelu, mke wa Kisilu. Watatu hao ndio wanaoitwa kitalu kikitaka miche mingi kwa haraka.

Malipo ya kazi hii yana masharti yake. Hulipwi kwa mche uliofunga, unalipwa kwa mche ulioshika. Unafunga leo, unaenda zako, na baada ya wiki sita karani anapita mistarini akihesabu iliyochipua. Ndiyo sababu kila mmoja ana rangi yake ya utepe. Nyekundu ni ya Kisilu, buluu ya Ndolo, kijani ya Muindi. Uvivu wa mtu hauwezi kujificha nyuma ya jasho la mwenzake.

Mwaka jana walipata kazi ambayo hawakuwahi kuiota. Kitalu kikubwa kilitaka miche elfu kumi na nane, shilingi ishirini kila ulioshika. Mwenye kitalu alisema hana muda wa kulipa watu watatu, alete mmoja nambari yake ya ushuru, alipwe, wagawane wenyewe. Kisilu akatoa yake bila hata kufikiria, kama mtu anayeonyesha kitambulisho langoni. Laki tatu na elfu sitini zikaingia kwake kwa awamu, zimekatwa kidogo. Waliuliza zilizokatwa zimekwenda wapi, wakaambiwa ni za serikali.

Kila awamu Kisilu alitoa pesa zote, wakaketi kwenye kibanda cha chai karibu na lango la kitalu, akahesabu mbele yao. Hizi zako mzee, hizi zako shemeji, hizi zangu. Hakuna aliyeandika kitu. Ukikulia Ukambani unajua mwethya, ile kazi ya kuungana ambapo leo mnachimba matuta kwangu na kesho kwako. Mwethya hauna risiti. Kumwambia mwenzako atie sahihi kwa alichopokea ni kumwambia usoni kwamba humwamini.

Mwezi Machi, kama kila mwaka, Kisilu alikwenda kwa saiba ya sokoni, duka la kompyuta, kujaza ritani, ile taarifa ya ushuru ya mwaka. Mwenye saiba akamjazia mshahara, kwenye mapato mengine akaandika sufuri, akalipwa mia mbili. Kisilu alidhani hivyo ndivyo inavyokuwa. Ushuru kwake ulikuwa ni kitu cha mshahara, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Hizi nyingine alizihesabu kama pesa za mikono tu.

Ujumbe wa mamlaka ya ushuru uliingia katikati ya Mei, Kisilu akiwa anamwagilia maua ya shule. Ulisema kuna mapato ya shilingi 360,000 yaliyolipwa kwa nambari yake na hayamo kwenye ritani aliyowasilisha. Arekebishe. Aliusoma mara tano. Maji yakaendelea kumwagika kwenye mpira hadi mwalimu mmoja akamwita.

Usiku huo hakulala, na siku nyingi zilizofuata alilala kwa mafungu. Mwelu anasema mumewe alianza kuamka na kwenda kusimama zizini, akimtazama mtamba wao anayetarajiwa kuzaa Agosti, kana kwamba anaaga.

Wiki mbili alikaa na siri hiyo. Lakini mficha uchi hazai, na mwishoni aliupeleka ujumbe kwa Rehana, mama anayesaidia watu kujaza ritani katika chumba kidogo mjini Machakos. Rehana alifungua ukurasa wake wa ushuru kwenye kompyuta, akausoma, kisha akamgeuzia aone mwenyewe.

"Humu ndani uko peke yako, mzee," alimwambia. "Hao wenzako hawako. Kwa macho ya serikali, hizi zote umekula wewe."

Akamfafanulia pole pole, naye Kisilu akasikiliza kama mgonjwa. Mapato ya kando nayo ni mapato. Huchukui mshahara ukauweka huku na kazi ya mikono ukaiweka kule; vyote vinajumlishwa, halafu ndipo unapotoa gharama za kazi, visu, tepe, nauli. Zile zilizokatwa na kitalu hazijapotea, zinahesabiwa upande wake. Lakini akibebeshwa zote 360,000 juu ya mshahara, ushuru ungepita elfu themanini kabla ya mapunguzo hayo. Akihesabiwa fungu lake pekee, ungekuwa kama elfu kumi na sita. Faini ni jambo jingine, na hilo hakutaka kumdanganya.

Elfu themanini ni kumuuza mtamba, na bado bei yake haitoshi.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," Rehana alimalizia, na Kisilu anakiri kwamba methali hiyo aliwahi kuisoma ubaoni pale shuleni bila kuwaza itamgeukia.

Aliponea kwa Kilonzo, karani wa kitalu. Kisilu alikwenda kwake bila tumaini lolote, kuuliza tu kama kuna karatasi. Kilonzo akatoa daftari kuukuu lenye madoa ya chai. Yeye hakuwajua majina, alijua tepe. Ukurasa baada ya ukurasa ulisema nyekundu mia nne na ishirini, buluu mia tano, kijani mia tatu. Hesabu ya mwaka mzima: nyekundu 6,800, buluu 7,000, kijani 4,200. Jumla elfu kumi na nane kamili.

Kisilu alizipiga picha kurasa hizo pale pale, kwa simu. Mgao wao wote ulikuwa umeandikwa, na aliyeuandika hakujua anaandika nini.

Rehana alifurahi, ila akamtahadharisha. Rangi haina nambari ya ushuru. Lazima kila mwenye rangi ajitokeze, aandike jina lake, atie sahihi kwamba fungu hilo alilipokea.

Kisilu alianza na Mzee Ndolo, huku ameinamisha kichwa kwa aibu. Alimweleza pia alichoambiwa na Rehana, kwamba fungu la mzee ni shilingi 140,000, atalazimika kulitangaza, ila kwa kuwa hana mapato mengine huenda asidaiwe chochote. Mzee alimwacha amalize, akaomba kalamu.

"Andika mimi ndio buluu," alisema. "Watu wanakula avokado yangu miaka yote na hakuna mmoja anajua jina yangu."

Ikabaki kijani, na hapo mambo yakaenda mrama. Muindi ana binti kidato cha tatu anayesomeshwa kwa basari, msaada wa karo. Fomu ya basari iliuliza mapato ya mzazi, naye akaandika hana. Sasa shemeji yake anamletea karatasi ya kukiri kwamba mwaka huo huo alipokea shilingi 84,000. Rehana alituma neno kwamba fungu hilo nalo ni dogo, huenda asilipe hata senti. Muindi akajibu kwamba haogopi kulipa, anaogopa mtoto kurudishwa nyumbani.

"Shemeji, ukiandika jina yangu hapo, umemtoa huyo msichana shule," alimwambia.

Tangu siku hiyo Muindi hajakanyaga kwa Kisilu, Jumapili tatu sasa, mtu aliyekuwa hakosi chakula cha mchana baada ya kanisa. Mwelu amekaa katikati ya mume na ndugu. Hajamsihi yeyote. Anapika tu, na kila Jumapili anaweka sahani moja zaidi mezani, kisha anaiondoa.

Jumatatu ndiyo siku ya kurekebisha ritani. Karatasi iko ndani ya Biblia, imekunjwa mara mbili, ina mistari mitatu. Nyekundu ina sahihi. Buluu ina sahihi. Kwenye kijani pako wazi.

Kisilu ameshaamua. Pakiwa wazi hadi Jumatatu, ataweka hapo jina lake mwenyewe. Ushuru wake utapanda hadi karibu elfu arobaini, naye ameshaongea na Rehana kuhusu kulipa kidogo kidogo. Ana hofu bado, hafichi.

"Naogopa serikali, ndiyo," anasema. "Lakini nikiandika Muindi, Jumapili nitamwangalia mama watoto namna gani?"

Msimu ujao ana mpango. Kila mmoja atatoa nambari yake na kulipwa kwake mwenyewe. Amenunua daftari jipya lenye jalada gumu, na ukurasa wa kwanza ameshaandika majina matatu kamili. Anatumaini mtamba atazaa akiwa zizini mwake.

Jua limepanda. Utepe mwekundu unamwishia mkononi akiwa amebakisha miche kumi na kitu. Kwenye gunia, kando ya simu, kuna mviringo wa utepe wa kijani uliosahaulika tangu mwaka jana. Mwandishi wa makala haya anamsogezea.

Kisilu anautazama, anautoa vumbi kwa kidole, anaurudisha pale pale.

"Hiyo iko na mwenyewe," anasema, na kuinuka kwenda kutafuta nyekundu nyingine.