Mstari wa Mwisho wa Mama Rula

Kompyuta ya Mama Rula ilikuwa na umri wa kuoa. Ilinunuliwa enzi ofisi ya maji bado ina maji, na programu yake ya kuandikia haikubadilishwa kamwe, maana wakubwa waliamini kwamba kitu kikishawaka, kukigusa ni utovu wa adabu. Makao makuu walishahamia programu mpya. Kila waraka wao ulifunguka kama mzigo ulioporomoka kwenye baiskeli: herufi zimegeuka visanduku, namba za aya zimetoroka, jedwali limechomoza nje ya ukurasa kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto.

Hapo ndipo alipohitajika Mama Rula, mchapaji wa ofisi, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliegesha rula ya mbao kwenye kioo na kunyoosha mistari. Jina likaanzia hapo. Kazi hiyo ndiyo iliyompa nyumba ya ofisi: vyumba viwili na mlango mpana, unaopitisha kiti cha magurudumu cha mumewe bila kukwaruza.

Jumatatu moja ikaletwa orodha ya wafanyakazi wote, nani abaki na nani apunguzwe. Ghafla Mama Rula akapata ndugu. Mhasibu, aliyekuwa haitikii hata salamu, alimletea chai. Dereva alimwita dada, kisha mama. Angeachwa kidogo angefika kwenye bibi. Fundi bomba alisimama nyuma ya kiti akimpumulia shingoni.

"Majina nayaona. Mbona haisemi nani anaondoka?"

"Safu ya mwisho imezama nje ya karatasi. Nipishe, baba. Hata mkunga huachiwa nafasi."

Akawatoa wote, akafunga mlango. Akarekebisha ukubwa wa karatasi, akabana safu mojamoja, akabadili aina ya herufi mpaka visanduku vikarudi kuwa maneno. Safu iliyozama ikaibuka. Mhasibu: abaki. Dereva: abaki. Fundi: abaki. Mkurugenzi, ambaye hakuna aliyejua anafanya nini: abaki, aongezewe msaidizi.

Mstari mmoja ulikuwa umedondokea ukurasa wa pili, peke yake kama mwana mkiwa. Mchapaji: aondoke, nyumba airudishe mwisho wa mwezi. Sababu: ofisi inaletewa kompyuta mpya, hivyo hahitajiki tena mtu wa kunyoosha nyaraka.

Mkurugenzi akachungulia mlangoni.

"Ukurasa mmoja tu, Mama Rula, karatasi zinakwisha. Kinachozidi kata."

Akaenda zake. Amri hiyo, kutoka kinywani mwa bosi mwenyewe. Mama Rula akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, akauwaza ule mlango mpana. Kidole kikakaa, kikakaa. Lakini mstari ule ndio uliobeba ukingo wa chini wa jedwali. Bila huo, jedwali lilining'inia wazi kama suruali isiyo na pindo. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kutoa kazi ya namna hiyo.

Akapunguza herufi kidogo. Mstari ukapanda, ukaingia na wenzake. Akaweka rula. Umenyooka.

Orodha ilipobandikwa, mkurugenzi alizisifu pambizo, akasema kazi safi kama hii haipatikani siku hizi. Hakuwa amefika chini. Fundi alikuwa amefika. Alivua kofia.

Jioni Mama Rula alitoka na rula yake kwapani. Kulikuwa na vyumba vya kupanga mtaa wa nyuma, na milango ya kupima.