Msiba wa Mskoti

Mwalimu mstaafu wa Makumira hafungui barua wala wosia wa mfanyabiashara mmoja Mskoti wa enzi za ukoloni, ambaye makaratasi yake anayachambua, bila kumwamkia kwanza: "Shikamoo, mzee." Kisha hulamba kidole, hufunua, huguna. Wosia uliomwachia farasi blanketi na mpishi kofia ulimnunisha wiki nzima. Jana kaifikia barua ya mwisho, ya kutangaza kifo chake, akatoka uani macho mekundu. "Jamani, tumefiwa!"

Kufumba na kufumbua majirani wakajaa na mikeka, maziwa na ndizi. Mama Anaeli akabandika sufuria.

"Pole, Mwalimu. Marehemu katutoka lini?"

"Mwaka thelathini na moja. Enzi za Mwingereza."

Mwalimu akatazama viatu vyake. Mama Anaeli akaonja mchuzi.

"Ndizi zimeshaiva," akatangaza. "Anzisheni wimbo."